Mbuzi wa Kipaimara

Nimekaa Tanga miaka kumi na tisa na bado mimi ni mtu wa bara. Nikinunua mkate, yule mtu wa bara kachukua miwili. Nikiugua, yule mtu wa bara kalazwa. Nimejenga Nguvumali, nimezaa Nguvumali, na juzi dukani kijana ambaye nilimjua akiwa tumboni mwa mama yake aliniuliza nitarudi kwetu lini. Nilimwambia kesho. Akaniamini.

Kila Jumapili baada ya ibada, sisi tuliotoka milimani tunabaki nje ya kanisa, soda mkononi, tukiwasema wenyeji. Mambo ni yale yale. Fundi ukimwita Ijumaa hapatikani. Mtu ukimuuliza atakuja lini, anasema inshallah, na inshallah hiyo inaweza kuwa kesho, mwezi ujao au hapana, utajua mwenyewe. Mwezi wa Ramadhani mimi hula chakula changu cha mchana kiwandani nyuma ya mtambo, uso ukutani, kama mwizi. Hakuna aliyenikataza kula mbele za watu. Hilo ndilo huniudhi zaidi, kwamba hakuna aliyenikataza.

Lakini lililonikaa kooni kuliko yote lilikuwa la kuchinja. Ukitaka jirani Mwislamu ale kwako, mnyama achinjwe na Mwislamu. Kila mtu anajua hivyo, na mimi nilijua. Kila Krismasi nilimfunga mbuzi wangu kwenye mpapai, nikaenda mtaa wa pili kumwita ustadhi, mzee anayefundisha madrasa. Anakuja anapokuja. Anaulizia hali za watu wote wa nyumba, mmoja mmoja. Anaomba kisu, anakipitisha kwenye kidole gumba, anasikitika, anakinoa upya. Anamwelekeza mbuzi kibla, anapiga bismillahi, kazi imekwisha. Mimi muda wote huo nimeshika miguu. Uani kwangu, mbuzi wangu, kazi yangu ni kushika miguu.

Siku ya kipaimara changu, baba yangu ndiye aliyeshika kisu. Nilisimama karibu yake na suti ya kuazima na sikuona mtu mkubwa kuliko yeye. Basi ilipofika zamu ya binti yangu mwaka jana, jambo hilo lilinirudia. Nililitaja pale kanisani kwenye soda, na mwenzetu mmoja akasema, "Sasa wewe unaogopa nini? Chinja mwenyewe." Wakacheka. Mimi nilicheka pia, lakini neno lile nililibeba mpaka nyumbani.

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta ni mama mmoja Mdigo, mtu mzima, mjane. Binti yangu alipozaliwa, mke wangu alilazwa wiki tatu, na mama yule ndiye aliyemwogesha mtoto, akamkanda, akamlaza kifuani pake wakati mimi nimekaa tu nimeduwaa na chupa ya maziwa. Binti yangu humwita bibi. Mabibi zake wa damu anawajua zaidi kwa picha. Sikukuu zote mama huyu hula kwetu, akikaa kwenye mkeka karibu na mlango, na hajawahi kuuliza chochote kuhusu chakula chetu. Naomba hilo likumbukwe.

Ustadhi aliniahidi Jumamosi saa tatu asubuhi. Saa nne hakuna mtu. Saa tano simu yake haipatikani. Nikatoka mlangoni nikaona mtaa mtupu, milango imefungwa, hata wale wazee wa bao hawapo. Muuza mkaa akaniambia wote wamekwenda mazikoni Maramba. Mtaa mzima ulijua isipokuwa mimi. Baadaye nilikuja kuambiwa kwamba waligonga kwangu alfajiri kunipa habari. Ni kweli, mlango niliusikia. Nilijifunika shuka nikasema moyoni, wameanza tena kelele zao.

Mbuzi alikuwa analia. Maji yalikuwa yamechemka, yamepoa, yamechemka tena. Bucha lipo dakika tano kutoka kwangu, siku ile lilikuwa wazi, na mwenye bucha ni Mwislamu, angekuja kwa kuitwa tu. Sikwenda. Mke wangu aliniona nikivua shati akasema, "Usifanye hivyo." Nilimjibu neno ambalo sitaliandika hapa. Nikachukua kisu nikachinja. Nilijisikia vizuri kwa muda wa kama nusu saa.

Baada ya sala ya alasiri ustadhi akaja, vumbi la safari bado miguuni. Alisimama getini. Shemeji yake ndiye aliyefariki, ghafla, na alikuja kuniomba radhi. Aliomba radhi mara mbili. Kisha akauliza, "Mmepata mtu?"

Hapo ndipo ningeweza kusema. Nikasema, "Tumempata, ustadhi. Yule wa buchani."

"Alhamdulillahi," akasema, akamwombea mtoto dua, akaondoka zake. Nilipogeuka, binti yangu alikuwa mlangoni na bakuli la vitunguu. Alinitazama mimi, akautazama mpapai, akaingia ndani.

Sikusema uongo ule kwa kuogopa. Nilisema kwa hasira. Nilitaka majirani wale, washibe, waende makwao wakalale, halafu mimi peke yangu nijue kwamba walikula kilichochinjwa na mkono wangu na hakuna kilichowapata. Naona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo nilivyotaka.

Jumapili kanisani binti yangu alisimama na gauni jeupe mbele ya madhabahu. Mchungaji akamuuliza kama anamkataa Shetani na kazi zake zote. Akajibu ndiyo, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Nikapiga makofi pamoja na wengine.

Nyumbani turubai lilikuwa limejaa. Masinia ya pilau yalitoka, wanaume wakakaa duara, ustadhi akiwa miongoni mwao, na walikuwa wameanza kula. Mama yule alikuwa kwenye mkeka wake karibu na mlango. Alinawa, akapiga bismillahi, akafinyanga tonge. Binti yangu akapita katikati ya watu na gauni lake, akapiga magoti, akamshika mkono.

"Bibi, usile," akasema. "Baba kachinja mwenyewe."

Hakupaza sauti, lakini nani ambaye hakusikia? Nilitaka kumzaba kofi. Naapa nilitaka. Asubuhi ameahidi mbele ya Mungu, na mimi baba yake nilikuwa namkasirikia kwa kuwa ameitimiza ahadi yake kabla ya saa nane.

Ustadhi aliinuka akaenda bombani. Akasukutua, akatema, akasukutua tena. Wenzake wakamfuata mmoja mmoja. Nilingoja matusi. Ningeyapokea vizuri, maana ningekuwa na cha kujibu. Alirudi akafuta mikono kwa kanzu yake, akanipa mkono wenye maji, akasema, "Mungu amkuze mtoto." Akatoka, na wenzake wakatoka nyuma yake. Wale rafiki zangu wa soda walikuwa wameinamia sahani zao, na yule aliyeniambia nichinje alikuwa anaomba kachumbari.

Mama yule hakuondoka. Alilirudisha tonge sahanini taratibu, akaomba maji, akanawa. Nikamwendea. Sikujua nitasema nini, nikasema, "Mama."

"Ungenambia, mwanangu," akasema. "Mie ningekaanga samaki. Samaki hachinjwi." Akamwomba mke wangu ndizi mbivu, akala mbili, akaketi na mjukuu wake mpaka magharibi.

Nimewakasirikia wengi tangu siku ile. Nimewakasirikia wale wa soda, na sisimami nao tena. Nimemkasirikia ustadhi kwa kutonitukana. Wenyeji nao bado wananiudhi, nisijidai kwamba nimekuwa mtu mwema, maana wiki iliyopita tu fundi bomba aliniambia inshallah na mpaka leo natembea na ndoo. Lakini nikianza kufoka, huona mkono ule wenye maji, na maneno hunikauka.

Krismasi iliyofuata nilikwenda mtaa wa pili. Ustadhi alikuja. Aliulizia hali za watu wote wa nyumba, akasikitikia kisu, akakinoa. Mimi nikashika miguu. Nyama ilipoiva, binti yangu alipeleka bakuli kwa bibi yake, na mimi nikasimama upande wangu wa ukuta, nikisikiliza.

"Nani kachinja, mjukuu wangu?" Sauti yake ilikuwa ya upole, ile ile ya siku zote.

"Ustadhi, bibi."

"Umemwona kwa macho yako?"

"Nimemwona."

Nikasikia kifuniko cha bakuli kikiwekwa chini. Miaka yote ile alikuwa hajawahi kuuliza.