Baiskeli Juu ya Mti

Enzi za mkoloni, likizo moja, mimi na binamu yangu tulivusha baiskeli kwa kivuko cha Garsen, tukanyonga hadi Mombasa, tukazipakia kwenye behewa la mizigo la garimoshi mpaka Voi. Taabu yote hiyo kwa sababu binamu alitaka kutembea milimani. Kwetu Kulesa hakuna cha kupanda ila ukingo wa mto.

Tulipofika Taita mvua ikatuangukia. Bila hata kuulizana, tukazitundika baiskeli juu ya mti, kama tufanyavyo nyumbani mto ukifurika. Mama mwenyeji wetu alitutazama kutoka mlangoni.

“Wanangu,” akasema, “hapa maji hayaji. Yanaondoka.”

Binamu alicheka mpaka akakaa kwenye matope. Kesho yake tulitembea vilimani kutwa, na kila alipoona mti alinionyesha kwa kidole, tukaanza kucheka upya.

Milima ile naitamani mpaka leo, lakini binamu amekwisha kufa, na peke yangu siendi. Baiskeli yake niliachiwa mimi. Haina hata mnyororo. Wanangu wananiambia niitupe. Waniache. Mto ukifurika, naitundika yake kwanza.