Apolinaria na Hodi ya Kwanza

"Bibi, mbona wewe unaitikia hodi ya kwanza? Huogopi?"

Josepha alikuwa bado mdogo alipomuuliza bibi yake swali hilo. Giza ndiyo kwanza lilikuwa linaingia. Apolinaria alikuwa ameinama jikoni, mara akainua kichwa na kusema, "Karibu, pita!" kwa sauti ya mtu anayemjua mgeni wake. Wakangoja. Hakupita mtu. Bibi akamtazama mjukuu wake, akashika mwiko, akaendelea kusonga ugali kana kwamba swali lile lilikuwa moshi tu, litatoka lenyewe.

Katika kijiji chao, karibu na Kaliua, hilo ni jambo la kutisha. Kila mtoto anajua: jua likishazama, hodi ya kwanza haiitikiwi. Unanyamaza. Mwenye damu, mtu aliye hai, atapiga ya pili. Asiye nayo atakwenda zake. Apolinaria peke yake ndiye aliyeitikia ya kwanza, na pengine hata ile ambayo wenzake hawakuisikia. Jirani yake Bernadeta, mtani wake wa siku nyingi, hakumwacha.

"Mama Wensi, iko siku utamkaribisha fisi."

"Akija na adabu, atakula."

"Na asipokuja nayo?"

"Nitamwelekeza kwako. Wewe ndiye mwenye mafuta."

Watu wakacheka, Apolinaria naye akacheka. Lakini Josepha aliona kwamba macho ya bibi yake hayakuwamo katika kicheko kile. Yalikuwa mlangoni.

Habari yenyewe wakubwa waliisema kwa vipande, na Josepha akaviunga kadiri alivyokua. Zamani walikaa msituni, mbali na reli. Babu yake, Alois, alikuwa mrina asali. Kila kiangazi aliingia porini kwenye mizinga yake ya magome, akapiga kambi huko mpaka vyombo vijae. Mwaka ule wa operesheni ya vijiji, lori la kuwahamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa lilifika Alois akiwa porini. Apolinaria aliomba wamsubiri mumewe. Akaambiwa mumewe atafuata, nchi nzima inahama, atapotelea wapi? Wakapakia mitungi, kuku na watoto. Wenceslaus, yaani Wensi, mwanawe mkubwa, ambaye ndiye baba yake Josepha, aling'oa mlango, maana mbao za mninga haziachwi. Nyuma yao paa likatiwa moto ili mtu asirudi.

Mvua zilipokwisha, mwindaji mmoja, Mayala, alipita kwenye mahame yale. Nyasi zilikuwa zimeshapanda juu ya kuta. Pale mlango ulipokuwa, akakuta kilindo, kile chombo cha gome cha kubebea asali, kimetuliwa vizuri, kifuniko kimefungwa. Hakuna aliyekigusa ila sisimizi. Kwa hiyo Alois alifika. Alitua mzigo kama mtu anayengoja kukaribishwa. Baada ya hapo hakuonekana tena, si Kaliua, si Ulyankulu, wala kwa ndugu zake kule Lusu.

Na ule mlango ndio uliopachikwa kwenye nyumba mpya. Josepha aliupita kila siku, ametumwa maji, ametumwa kuni. Hodi zote walizopigiwa pale zilipitia mbao zile zile alizozijua babu yake.

Alipofika kidato cha tatu huko Tabora mjini, alirudi likizo na kazi ya Mwalimu Shilinde: insha ya kulinganisha na kutofautisha hadithi fupi mbili. Alikuwa ameshaiandika mara moja, akarudishiwa.

"Binti, hizi hadithi zako umezikalisha mgongo kwa mgongo," Shilinde alimwambia. "Ya kwanza inasema, ya pili inasema. Zigeuze zitazamane, halafu utwambie kila moja inaona nini kwa mwenzake."

Nyumbani alikuta mzozo. Wenceslaus alitaka Misa ya marehemu isomwe Jumapili.

"Mama, baba alikufa. Tumwombee apumzike, na sisi tupumzike."

"Ulimwona akifa?"

"Wala akiwa hai sijamwona tangu tuhamishwe."

Bila neno la Apolinaria, hakuna padre ambaye angesoma Misa ile, na Wenceslaus alilijua hilo.

Mchana wa Jumamosi, bibi akibangua karanga, Josepha alimsomea hadithi zote mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mke wa mpagazi aliyekwenda pwani na msafara wa pembe. Jioni moja mke yule anasikia sauti ya mumewe nje. Anaogopa, anaziba mdomo kwa kanga. Asubuhi anakuta nyayo mlangoni, zote za kuondoka, hakuna hata moja ya kuja.

"Mwanamke mpumbavu!" Apolinaria akasema.

"Bibi, ni hadithi tu."

"Hata kwenye hadithi ni mpumbavu."

Ya pili ilikuwa ya fundi wa reli anayerudi kutoka kazi ya mbali na kukuta nyumba tupu, watu wake wamehama. Anakaa stesheni mpaka anazeeka, na kila treni ikisimama anapiga hodi kwenye madirisha ya mabehewa. Hapa Apolinaria aliacha kubangua.

"Na hao waliomo ndani, hakuna aliyemwitikia?"

"Hadithi haisemi, Bibi."

"Aliyeiandika hakuuliza?"

Jua lilipozama tu, Josepha aliketi karibu na mlango na kuanza upya. Akaandika kwamba wanaume wote wawili walirudi. Mmoja alinyimwa ukaribisho na mtu aliyekuwapo. Mwingine hakuwa hata na wa kumnyima. Akasita. Yupi kati yao aliumia zaidi? Kalamu ilikuwa bado hewani aliposikia.

"Hodi."

Mara moja tu, chini chini, kama mtu aliyechoka. Safari hii aliisikia kwa masikio yake mwenyewe. Alitaka kuamini ni Bernadeta na utani wake, lakini Bernadeta hana sauti ya kiume. Akamtazama baba yake. Wenceslaus alikuwa ameganda kwenye kigoda, macho sakafuni, kwa hiyo naye alisikia.

"Karibu, pita," Apolinaria akasema.

Wenceslaus akanyanyuka, akafungua mlango, akachungulia huku na huku. Kulikuwa na njia tupu na mbuzi wa jirani. Akaurudishia, kisha akaufungua tena, akauacha hivyo.

"Mama, basi. Misa tuiache."

"Hapana," Apolinaria akasema. "Mwambie padre asome. Aliye hai angekuwa ameshaingia na kuulizia chakula. Nitakuja na nguo nyeusi, nitamlilia mume wangu kama wanawake wengine."

"Na kuitikia utaacha?"

"Siachi."

Josepha akaweka kalamu chini. "Lakini Bibi, wenzako wote wanangoja ya pili. Kwa nini wewe huingoji?"

Apolinaria akamgeukia yeye, si mwanawe.

"Mtu aliyekuta nyumba yake haipo, mjukuu wangu, hana nguvu ya kupiga hodi ya pili."