Mfuniko Niliouziba Mwenyewe

Nilikuwa fundi wa matengenezo kwenye halmashauri. Kati ya Nachingwea na Ruangwa, mji upi, naomba nisiseme. Wenzangu bado wanakula kwa kazi ile.

Kuna njia ya waenda kwa miguu inayotoka sokoni kwenda hospitali, mifuniko ya zege iliyolazwa juu ya mtaro. Mingi ilikuwa imepasuka, watu wakawa wanaruka mashimo. Msimu wa korosho ulipoanza tukaambiwa wakaguzi wanakuja, njia itengenezwe haraka. Nondo hazikuletwa. Saruji ikaja mifuko miwili kwa kazi iliyotaka kumi.

Nikamwambia msimamizi, "Mkuu, zege hili halitabeba mtu."

"Nani kakwambia libebe? Lionekane tu. Piga lipu."

Nikapiga. Tulitandaza fito za mianzi na vipande vya mifuniko ya zamani, tukamwaga mchanga wenye saruji kidogo, nami nikalainisha kwa mwiko mpaka pakang'aa. Wakaguzi wakapita, wakapiga picha, wakaondoka. Sitaficha: nilijisifu. Palikuwa laini kama sakafu ya sebule.

Mvua zilipoanza, mkwe wangu, mama yake mke wangu, akaja kutoka Malolo kutibiwa macho. Alikuwa mtu mzima, Kimwera ndiyo lugha yake, Kiswahili anaokoteza. Asubuhi hiyo mke wangu alikuwa anamwongoza kwenda hospitali, na mimi nilikuwa ng'ambo ya barabara nazibua mtaro. Nikasikia mke wangu anapiga yowe.

Nilipofika, mguu mmoja wa mama ulikuwa umezama mpaka pajani, mwingine umekunjika vibaya juu ya zege. Kwetu mkwe haguswi hovyo. Hata salamu mtu unachuchumaa mbali. Siku ile nilimkumbatia kiunoni, nikamvuta, nikamkimbiza hospitali mikononi mwangu, naye amejifunika uso kwa khanga, analia kwa maumivu na kwa aibu.

Nyonga ilikuwa imevunjika. Daktari alituambia huenda asitembee tena.

Tulikaa kwenye benchi nje ya wodi. Mke wangu akasema, "Watu gani hawa walioziba pale? Hawana mama zao?"

Nilitaka kunyamaza. Nikasema, "Ni mimi."

Alisogea mpaka mwisho wa benchi.

Kesho yake nilimfuata msimamizi nikamwomba saruji na nondo, nipavunje na kupajenga upya mwenyewe.

"Ile kazi imeshapokelewa," akasema. "Ukipavunja unasema ilikuwa mbovu. Na aliyeifanya ni nani?"

Nilimpigia magoti. Mtu mzima mimi, baba wa watoto, nilipiga magoti kwenye kokoto. Simu yake ikaita, akapokea, akaendelea na mazungumzo yake.

Nikakata matawi ya mwarobaini nikayachomeka kwenye shimo ili watu walione. Siku ya tatu nikakuta matawi yametupwa, na wenzangu wanashindilia udongo mwekundu humo. Waliponiona waliinamisha vichwa. Sikuwalaumu. Nilirudisha koleo na mwiko ghalani, na sikurudi tena kazini.

Mama alipotolewa wodini tukamlaza chumbani kwetu. Wiki ilipita sina ujasiri. Mwisho niliketi karibu na mlango nikamweleza yote kwa Kimwera. Alinisikiliza macho yakiwa darini.

"Ulijua patabomoka?"

"Nilijua, mama."

"Kama ungejua ni mie napita, ungeziba vile?"

Akageuzia uso ukutani.

Aliomba arudishwe Malolo, tukamrudisha kwa gari, amelala juu ya godoro. Hakusimama tena. Alifariki wakati wa palizi. Kwenye maziko nilisimama nyuma kabisa, na hakuna ndugu aliyenifukuza, ila jembe lilipokuwa likipokezanwa kufukia kaburi, halikuletwa kwangu.