Maombi ya Nje ya Uzio

Katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, mchungaji mmoja wa kanisa alikuwa anazunguka kuombea mabanda ya nguruwe yanayopakana. Nguruwe wawili wa banda la kwanza walikuwa wamekufa kwa homa ya nguruwe, na tope la banda lao lilikuwa kwenye viatu vyake. Mama wa banda la pili, ambaye nguruwe wake alikuwa karibu kuzaa, alimzibia mlango kwa mikono miwili.

“Pasta, ombea hapo inje.”

“Mama, unakatalia Mungu?”

“Mungu aingie tu, Yeye haiko na viatu. We bakia.”

Mchungaji alitazama miguu yake, akaomba palepale. Baada ya amina, mama alimsogezea beseni la maji ya dawa.

“Osha kwanza, Pasta. Kwa jirani kuko nguruwe pia.”

Akaosha. Semina za mifugo nilizohudhuria Lilongwe huchukua siku nzima kufika kwenye somo hilo. Kwenye banda la tatu alisimama nje bila kuambiwa, akaomba kwa sauti kubwa zaidi, nadhani kwa sababu ya umbali.