Albamu ya Mama

Mgeni akiingia kwetu Nakuru, kabla chai haijachemka mama alikuwa ameshamwekea albamu mapajani. Mzee wa kanisa, fundi wa mabomba, yeyote yule. Kwa hivyo alipoanza kunigombeza juu ya picha nilizokuwa nikiweka kwa mtandao, nilimcheka. Nilikuwa na miaka ishirini na ujuaji mwingi. Nilimwambia yangu nayo ni albamu, ila haina vumbi. Akanijibu kwamba yake anaishika mwenyewe, na anajua nani amekaa kwa kiti akiitazama.

Mwaka wa elfu mbili na nane ulianza vibaya. Baada ya uchaguzi watu wa mtaa wetu walianza kufukuza majirani wa kabila lingine. Mama alimficha rafiki yake chumbani mwangu, mama muuza maziwa kutoka Dundori, ambaye utoto wangu wote alinipimia kikombe cha bure. Nguo za yule mama hazikuanikwa nje hata siku moja. Picha zake mama alizitoa kwa albamu, akazichoma jikoni moja moja huku akilia, mgeni asije akauliza huyu ni nani. Mimi niliona ni woga wa wazee tu.

Siku moja rafiki yake alitupikia chapati, na mama akacheka, mara ya kwanza tangu fujo zianze. Nikawapiga picha kwa simu. Saiba, vile vibanda vya intaneti, zilipofunguliwa niliiweka kwa mtandao ili binamu zangu wa ng'ambo waache wasiwasi, nikaandika: "Mama zangu wawili, wako salama." Huko nilikuwa na marafiki mia tatu. Nusu yao, wallahi, nisingewafungulia mlango.

Kesho yake mchana walikuja vijana watano wakimuulizia yule muuza maziwa. Mama alisema hamjui. Akawaketisha, akawapa albamu kama wageni wengine. Walifunua kurasa zote, hawakuona kitu. Mmoja, niliyesoma naye, akaifunga.

"Mathe, usitubebe ujinga. Tumemwona kwa mtandao, jikoni kwako."

Mama hakumtazama. Alinitazama mimi.

Rafiki yake alitoka chumbani mwenyewe ili nyumba yetu isichomwe. Alivaa viatu bila haraka, wakaondoka naye. Siku ya tatu tulimtambua mochari kwa sweta yake.

Picha niliifuta jioni ileile waliyomchukua. Watu waliniambia majuto ni mjukuu. Afadhali wangenizaba kofi. Mama hakuligusia jambo hilo miezi yote, hadi Agosti, alipokuja kukaa kitandani kwangu. Hakuwa na hasira, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Ile picha ya chapati bado iko? Uniprintie. Zangu nilizichoma zote."

Nilimwambia nilishaifuta. Akasema sawa, akarudi jikoni.