Bingwa wa Baba na Bingwa wa Baba Mdogo

"Angeshinda nani?"

Baba mdogo aliniuliza hivyo akiwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa mbele ya bani letu, kile kibanda cha udongo tunachokaushia tumbaku nje kidogo ya Misunkumilo. Alikuwa na uzi mdomoni. Nilikuwa nimemaliza chuo, nimesoma takwimu, na tangu nirudi nyumbani nilikuwa nimeandika barua nyingi za kuomba kazi na kupata majibu ya barua mbili. Nilimwambia kwamba swali lake halina maana. Mabondia wawili wa uzito wa juu, waliokufa zamani, ambao hawakuwahi kukutana ulingoni, na ambao hakuna mtu pale bani aliyewahi kuwaona hata kwenye picha.

"Nimekuuliza angeshinda nani," alisema. "Wewe unanijibu habari za maana. Nyie mkisoma mnakuwa wagumu hivi?"

Baba alikuwa amekaa mbele yake kwenye kiti cha plastiki. Alicheka kwa upande mmoja wa uso. Upande wa pili ulikuwa umelala tangu kiharusi.

Kilimpata shambani, mwanzoni mwa mavuno. Alirudi kutoka hospitali akitembea kwa fimbo, mkono wa kulia ukining'inia, akiwa amebakiwa na maneno matatu: ndiyo, maji, na tusi moja la Kirundi ambalo mama hakupenda wageni walisikie. Mtaalamu wa mazoezi alituambia tusimwache akae kimya. "Mchokozeni," alisema. "Mbishieni. Mtu akizoea kunyamaza, maneno yanaondoka yenyewe." Mama alijaribu kusali naye. Mimi nilijaribu kumtajisha majina ya vitu, kikombe, mlango, jembe, kama mtoto wa chekechea. Alinitazama tu.

Baba mdogo hakujaribu chochote. Alikuja kusaidia kazi.

Kufunga tumbaku kunataka watu wawili. Mmoja anachukua majani mabichi matatu matatu, anasawazisha vikonyo, anampa mwenzake. Mwenzake anayafunga kwa uzi kwenye fito, kulia na kushoto, mpaka fito ijae iingizwe ndani ya bani. Miaka yote baba ndiye alikuwa mfungaji. Sasa alikuwa na mkono mmoja, kwa hiyo akawa wa kupokeza majani na mdogo wake akawa wa kufunga. Na kwa kuwa walikaa wakitazamana, wakafanya walichokuwa wakifanya tangu utotoni kila walipokaa wakitazamana, yaani walibishana juu ya mabondia.

Walizaliwa kwenye makazi ya wakimbizi, kabla familia yetu haijapata uraia. Darasani walikuwa na mwalimu mmoja ambaye mvua ikinyesha na bati kupiga kelele aliacha hesabu na kuwasimulia kwa sauti kubwa habari za mabingwa wa ngumi wa zamani huko Marekani. Wawili walibaki kichwani mwao. Wa kwanza alikuwa mtu mweusi aliyepigana huku akitabasamu na kuongea na mpinzani, anayezipokea ngumi kwa viganja kama anayepokea mzigo. Wa pili alikuwa mzungu aliyetoka kwenye umaskini wa migodini, anayeingia chini chini na kupiga mbavu mpaka mtu akae. Baba akamchukua mweusi. Kwetu mdogo hachagui kabla ya mkubwa, kwa hiyo baba mdogo alibaki na mchimba migodi, na alimtetea tangu siku hiyo kana kwamba walinyonya ziwa moja.

Siku ya tatu ya kufunga, baba mdogo alisema, bila hata kuinua macho kutoka kwenye fito, "Kwa kweli mimi huwa namhurumia yule wako. Raundi ya pili angekuwa ameshalala."

Baba alishika majani hewani. Mdomo ulihangaika muda mrefu. Kisha akasema, "Asingemgusa."

Hilo lilikuwa neno la nne. Mama alitoka jikoni akasimama mlangoni na mwiko.

"Asingemgusa nani?" baba mdogo alisema, anafunga tu. "Sema vizuri, kaka, nisije nikadhani unamtetea wa kwangu."

"Wako. Asingemgusa. Wangu."

Nilianza kuandika kwenye daftari maneno ambayo baba alisema kila siku. Sikuamini kwamba ubishi ni dawa, na nilitaka nione kama kuna kitu au ni matumaini tu. Nikachora mstari wa idadi yake, na mstari ulipanda. Wiki ya pili alisema "mikono mirefu." Baadaye akasema, polepole, akipumzika katikati, "Yule wako aliwakimbia weusi. Hakutaka kupigana nao." Baba mdogo akajibu, "Hakukimbia, alikuwa na shughuli," na baba akacheka mpaka akakohoa. Jirani yetu Msukuma, aliyekuwa akipita na ng'ombe zake, alisimama akasikiliza, akauliza hao watu ni wa kijiji gani.

Ilipasa niwaache. Mstari ulikuwa unapanda, na mtu wa takwimu anapaswa kujua kwamba kitu kinachofanya kazi hakiguswi kabla hujajua kwa nini kinafanya kazi. Lakini swali lilinikera. Watu wazima wawili wanabishana kwa ushahidi wa mwalimu aliyepiga kelele chini ya bati. Nani alisema alikuwa anatabasamu? Nani alipima hiyo mikono? Na baba mdogo hakuacha kuniuliza, "Msomi, angeshinda nani?" kila mara kwa sauti ileile, na baba akinitazama akisubiri.

Siku moja nikaenda mjini, mahali mtandao unaposhika vizuri, nikatafuta kwenye simu. Walikuwepo wote wawili. Picha zinazotembea, nyeusi na nyeupe, za kweli. Nikazipakua. Nakumbuka nilijisikia vizuri njiani, na ndilo jambo la mwisho la siku hiyo ninalokumbuka kwa hisia yoyote.

Niliwaonyesha mchana, kwenye kivuli cha bani. Niliegemeza simu kwenye fito zilizojaa ili wote wawili waone. "Msibishane tena," niliwaambia. "Huyu hapa. Tazameni wenyewe."

Nikaanza na wa baba. Mtu mdogo mweusi alitoka kwenye kona ya ulingo akikimbia kwa hatua fupi fupi. Mikono ilirukaruka. Alimkumbatia mwenzake, wakazunguka wakitetemeka, wakaachana, wakakumbatiana tena. Mwamuzi naye alikuwa anakimbia. Watazamaji walipunga kofia kama wanaofukuza nyuki. Uso haukuonekana, kwa hiyo kama alitabasamu hatukujua.

Baba mdogo alicheka kwanza. "Kaka, si ulisema bingwa? Huyu mbona anakwenda kama kuku aliyemwagiwa maji."

Nikaweka wa kwake. Alikuwa vilevile. Aliinama, akainuka, akatikisa kichwa kama mtu aliyeingiwa na mdudu sikioni. Baba mdogo akacheka zaidi, akajipiga paja. "Basi tumekwisha wote. Mimi ningewapiga hawa pamoja, mkono mmoja."

Baba hakucheka. Alisema, "Rudisha."

Nikarudisha ya kwanza. Alitazama mpaka mwisho, kichwa kimeinama upande.

"Siyo yeye," alisema.

"Ni yeye, baba. Jina limeandikwa hapa chini."

"Siyo, mama."

Alikuwa akiniita mama kwa sababu nimechukua jina la bibi. Nikamweleza kwamba nimehakikisha, nimetafuta sehemu tatu tofauti, zote zina filamu ileile. Nilisema kumbukumbu za mtu husogea, na mwalimu wao naye alikuwa anasimulia kitu alichosimuliwa. Niliongea vizuri. Nadhani niliongea vizuri kuliko kwenye usaili wowote.

Baba akachukua majani matatu, akasawazisha vikonyo kwa vidole vya mkono wa kushoto, akampa mdogo wake.

"Basi," alisema.

Kesho yake baba mdogo alianza kama kawaida. Alisema mchimba migodi angeshinda asubuhi na jioni. Baba akampa majani. Alisema mweusi alikuwa mwoga. Baba akampa majani. Keshokutwa yake alitukana mpaka ukoo wa yule mweusi, na kwa kuwa mtu huyo hakuwa na ukoo tunaoujua, alitunga. Baba alisema, "Funga." Hilo nililiandika kwenye daftari.

Mstari ulishuka. Sikuandika sababu, kwa sababu jambo moja kufuata jingine si ushahidi kwamba limesababishwa nalo, tulifundishwa hivyo mwaka wa kwanza. Tulipomaliza kufunga tumbaku yote alikuwa amebaki na maneno machache, na walipoanza kuchambua majani makavu alikuwa anaonyesha kwa kidole. Niliacha kuandika kabla ya ukurasa kuisha. Mtaalamu wa mazoezi aliuliza kama bado tunambishia. Mama alisema ndiyo. Baba mdogo alitazama dirishani. Mimi nilikuwepo.

Baba mdogo hakunilaumu, wala siku hiyo wala baadaye. Aliacha tu kuniuliza swali.

Baba alifariki mvua zilipoanza, kwa kiharusi cha pili. Msibani wanawake waliokuja kutoka Sibwesa waliniuliza, kama watu wanavyouliza, alisema nini mwishoni. Niliwaambia hakusema. Walitikisa kichwa, wakaniambia nile. Nilikula. Nakumbuka ugali ulikuwa wa moto na nilikula wote.

Miaka miwili baadaye nilipata kazi Dodoma, kwenye ofisi ambayo chumba chake cha pembeni kina fundi anayehamisha filamu za zamani kwenye kompyuta. Siku moja nilipita kumpelekea fomu, kwenye kioo chake watu wa zamani walikuwa wanapanda gari moshi mbio mbio, na nikamuuliza kwa nini watu wa wakati ule walikuwa na haraka vile. Hakuacha kazi yake. Alisema kamera za mwanzo zilizungushwa kwa mkono na zilichukua picha chache kwa kila sekunde, na mtu akizirusha leo kwa mwendo wa mashine zetu bila kuzirekebisha, kila anayeonekana humo anakimbia, hata aliyekuwa amesimama kwa utulivu akimsubiri mwenzake.