Bathsheba Afungua Kikao kwa Maombi

Bathsheba Kemuma wa Kiogoro ameuza ndizi mbivu katika bustani ya mjini Kisii kwa miaka kumi na minne. Alifika mara ya kwanza bila ndizi wala mtaji. Mumewe alikuwa amelazwa katika hospitali ya jirani, na kila alipofukuzwa wodini alikuja kujinyoosha nyasini chini ya mijakaranda, kama wafanyavyo hadi leo watu wanaouguza. Mume alifariki. Bathsheba akabaki na bustani.

Kwa hiyo maafisa wa kaunti walipotangaza kuibadilisha bustani hiyo, yaani kukata miti, kutandika matofali ya kabro na kuweka uzio, watu wa bustani hawakuhangaika kutafuta msemaji.

"Mama, wewe unaheshimika," alisema Ogola, mpiga picha wa pale, mtu wa upande wa ziwani. "Waambie tunataka vyoo na taa. Miti na nyasi waache."

Siku ya kutoa maoni, Ogola alikuwa na harusi Nyaramba, na wengine walibaki kulinda biashara zao. Bathsheba akaenda peke yake. Sasa, mkutano wa kwetu, hata uwe wa kugombania jalala, haufunguliwi bila maombi. Afisa aliangaza ukumbi, akamwona mama wa Kisabato aliyejifunga kitambaa cheupe, akamwita meza kuu. Akawekewa na maji ya chupa. Hapo kichwa kikavimba, tuseme ukweli.

Bathsheba haombi kidogo. Aliwataja wakubwa kwa vyeo vyao, akaibariki mikono yao, na ulimi ukiwa umeshika kasi akamalizia: "Baba, mradi huu waliotuletea, uukamilishe bila kizuizi chochote!" Ukumbi mzima ukaitikia amina.

Ulipofika wakati wa maoni, aliinua mkono nusu, akaushusha. Angepingaje jambo ambalo ametoka kumwomba Mungu alibariki, tena akiwa ameketi meza moja na wenye mradi? Alinyamaza hadi mwisho. Aliporudi bustanini wakamuuliza, "Umesema?" Akajibu, "Nimesema." Usiku huo hakula.

Majuma matatu baadaye ripoti ikatoka. Ogola aliisoma kwa sauti mbele ya wote: mwakilishi wa wafanyabiashara aliuombea mradi ukamilike bila kizuizi, na hakutoa pingamizi.

"Waongo hawa!" alifoka. "Mama yetu huyu, mtu wa Mungu? Kesho twende kwa wakili. Mama, wewe utaapa tu kwamba hukusema hivyo."

Watu wakampigia Bathsheba makofi. Afadhali wangemtukana. Aibu ilimpanda hadi masikioni, akatamani ardhi ipasuke immeze. Angeweza kuapa, hakuna hata mmoja wao aliyekuwa ukumbini. Alishika ukingo wa beseni lake la ndizi, akasimama.

"Ogola, hawakudanganya. Niliomba hivyo kwa mdomo wangu. Na maoni yenu sikuyatoa. Mimi ndiye niliyewadanganya."

Makofi yalikatika. Ogola hakumtukana. Aliikunja ile karatasi polepole, akaikunja tena, kisha akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwonea huruma:

"Mama, baada ya kikao walitupa wiki mbili za kuandika barua za kupinga. Hatukuandika hata moja, kwa sababu tulijua umetusemea. Ziliisha Ijumaa iliyopita."